Mjadala: Serikali ikiwaita wanafunzi mezani, waende au wasiende?

Mwanzilishi wa mjadala

Naanza kwa kusema ninaposimama, ili asiyekubaliana nami ajue pa kuanzia. Wanafunzi wameandamana hadi katikati ya Nairobi. Wamerushiwa vitoza machozi kutoka University Way hadi Moi Avenue, na wengine wako seli katika kituo cha Central. Jioni inapigwa simu: Wizara ya Elimu inataka wawakilishi watano kesho asubuhi, makao yake Jogoo House. Waende?

Nasema waende, lakini waende bila mamlaka ya kutia sahihi. Kazi yao iwe kupeleka madai na kurudi na jibu. Wa kukubali au kukataa ni kamukunji, yaani mkutano wa wazi wa wanafunzi wote, mchana, mbele ya kila mwanafunzi, si watu watano katika chumba kilichofungwa.

Nashikilia hilo kwa sababu tangu nikiwa mwanafunzi nimeona mazungumzo haya yakivunjika kwa njia ile ile. Serikali haikatai kuzungumza. Huita upesi, tena kwa adabu. Ila inachagua yenyewe nani aitwe, saa ngapi na wapi, na wanaoketi upande wake hawana uwezo wa kutoa kinachodaiwa. Afisa anaahidi kulifuatilia suala. Picha inapigwa. Wajumbe hawajafika hata bwenini, taarifa imeshatoka kwamba maandamano yameahirishwa. Usiku huo wanaitwa wasaliti, na mara nyingi hawakusaliti lolote. Waliingia bila agizo la wenzao, wakatoka bila karatasi. Kesho yake nusu ya wanafunzi wako barabarani, nusu wako darasani, na polisi wanaambiwa kwamba waliobaki barabarani ni wahuni.

Chukueni suala la karo, ambalo limetusumbua tangu 2023. Mei mwaka huo Rais William Ruto alitangaza mfumo mpya wa ufadhili wa vyuo vikuu. Hali ya nyumbani kwa kila mwanafunzi ikawa inapimwa, kisha anawekwa katika kundi. Katika makundi matano yaliyotumika baadaye, aliye kundi la kwanza alipewa ufadhili wa asilimia 70 ya gharama ya kozi na mkopo wa asilimia 25, na familia ikalipa asilimia 5. Aliye kundi la tano alipewa ufadhili wa asilimia 30 na mkopo wa asilimia 30, familia ikabeba 40. Fanyeni hesabu ya kozi ya shilingi 300,000 kwa mwaka: mzazi wa kundi la tano alitakiwa atoe 120,000. Chini ya mfumo wa zamani mwanafunzi aliyeingia chuo cha umma kwa nafasi ya serikali alilipa karo ya 16,000. Kilio kikubwa kikawa kwamba watoto wa wachuuzi wamewekwa kundi moja na watoto wa watu wenye mishahara minono.

Wanafunzi walipotoa ilani ya kugoma Septemba 2024, serikali iliunda kamati ya watu zaidi ya mia moja ya kuupitia mfumo huo. Zaidi ya mia moja! Kila mmoja akipewa dakika kumi tu, siku mbili za kazi zimekwisha na hakuna kilichoamuliwa. Kilichoutikisa mfumo ni Mahakama Kuu. Desemba 20, 2024 Jaji Chacha Mwita aliamua kwamba unakiuka Katiba, kwamba unabagua na kwamba umma haukushirikishwa inavyotakiwa. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo, tukarudi tulipokuwa. Jambo lililopaswa kuzungumzwa kabla ya kutungwa limezungumzwa barabarani, likazungumzwa kortini, na mzazi akabaki akiangalia ankara ile ile.

Najua mtasema viongozi wa wanafunzi hununuliwa. Wapo wanaonunuliwa. Lakini tazameni pia walivyofanywa wasionunulika katika jiji hili. Titus Adungosi, mwenyekiti wa kwanza wa SONU, chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alifungwa miaka kumi baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, akafia gerezani 1988. Wafula Buke alichaguliwa kuwa mwenyekiti Novemba 1987. Siku chache baadaye alikamatwa, akafungwa miaka mitano, na SONU ikapigwa marufuku. Kumtuma mtu mmoja awe uso wa madai ya maelfu ni kuiweka shingo yake rehani. Hiyo nayo ni sababu ya kumnyima sahihi. Asiyeweza kukubali lolote kwa niaba ya wengine, kumnunua ni kupoteza pesa na kumtisha hakuleti faida.

Haya, nipingeni.

Mhitimu, Roysambu

Wasiende. Ndugu, unazungumza kana kwamba chumba kile ni cha mazungumzo. Mimi nilikuwa barabarani Juni 2024, na ninaloliamini hadi leo ni kwamba kilichotulinda ni kukosa kiongozi. Hatukuwa na mwenyekiti wa kupigiwa simu. Mswada wa Fedha wa kuongeza kodi, tulioupinga, ulikataliwa na Rais Juni 26, siku moja baada ya watu kuingia Bungeni, na hakuna mjumbe wetu hata mmoja aliyekuwa amekwenda kuketi na mtu. Tulioneshwa jukwaa la kitaifa la mazungumzo la siku sita, tukalikataa. Mbona tungelikubali wakati Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imeshahesabu vifo 39 kufikia mwanzo wa Julai? Unaketije na mtu ambaye hajakuambia nani alifyatua risasi?

Tena unasema mjumbe asiye na sahihi hana bei. Bangladesh mwaka ule ule wa 2024, waratibu sita wa maandamano ya wanafunzi walishikiliwa na polisi wa upelelezi jijini Dhaka. Julai 28 wakaonekana kwenye video wakitangaza kwamba maandamano yamesitishwa. Walipoachiliwa walisema walilazimishwa. Hao hawakutia sahihi popote; sura na sauti zao zilitosha. Sisi hapa tume hiyo hiyo ilihesabu watu 82 waliotekwa kati ya Juni na Desemba. Ukishatoa majina matano, umeshamrahisishia kazi mwenye gari lisilo na namba.

Mzazi, Kayole

Wanangu, nimewasoma wote wawili na nawaheshimu. Mimi nina binti mwaka wa tatu. Chuo kikifungwa anarudi nyumbani, na chumba cha kukodi nje ya chuo kinaendelea kudai kodi. Kozi ya miaka minne inakuwa mitano. Huo mwaka mmoja ni mdogo wake anayesubiri kidato cha kwanza, maana nimepanga wa kwanza akimaliza ndipo wa pili aanze.

Mnaongea kuhusu sahihi na majina. Mimi nauliza, ni nani atakayesimama aseme hii leo tumepata kiasi hiki, turudi darasani, kilichobaki tutakidai Januari? Msipokuwa na mtu wa kusema hivyo, mgomo hauna mwisho, na unaoumia ni mfuko wangu. Maafisa wale mshahara wao unaingia kila mwezi, mgomo uwepo usiwepo. Nyinyi mkikaa miezi miwili nje, wao hawapungukiwi.

Na kwa mwanangu wa Roysambu: pole kwa uliyoyaona. Lakini binti yangu akitoka kwenda kuandamana mimi silali. Kama kuna njia ya kuongea, ongeeni.

Mwanzilishi wa mjadala

Mama, umegusa jambo ambalo wengi wetu hulikwepa. Kamukunji isiyo na njia ya kusema "tumekubali hiki" ni mbaya sawa na mjumbe anayekubali kila kitu. Nitalirudia.

Ndugu wa Roysambu, la usalama sina jibu la kukuridhisha, na mfano wa Dhaka ni mzito. Lakini tazama kilichofuata hapa kwetu baada ya vijana kulikataa lile jukwaa. Julai 11 baraza la mawaziri likavunjwa. Kabla mwezi haujaisha, viti vikaanza kujazwa na wanasiasa wa upinzani walioketi wakaelewana na Rais. Mazungumzo yalikuwepo. Ila hayakuwa yenu. Na Desemba mwaka ule ule, baadhi ya mapendekezo ya kodi yaliyokuwa ndani ya mswada uliokataliwa yalirudi kupitia sheria nyingine, yakatiwa sahihi bila barabara kujaa watu. Barabara iliweza kusimamisha. Kulinda kilichosimamishwa haikuweza, kwa sababu kazi hiyo inataka mtu anayesoma kurasa za mswada mwezi wa kumi na moja, wakati kila mtu amechoka.

Kwa hiyo nasema kukataa kila meza kuna gharama yake, na gharama hiyo imelipwa na vijana wenyewe.

Afisa mstaafu, Buruburu

Nimefanya kazi ya mipango serikalini miaka mingi, na nimeketi upande wa pili wa meza mnayoizungumzia. Niwaambieni wazi: mara nyingi sisi tuliotumwa tulikuwa hatuna cha kutoa. Tulitumwa kutuliza.

Mkitaka kujua kwa nini, tazameni kalenda ya pesa. Mwaka wa fedha wa Kenya unaanza Julai 1. Taarifa ya Sera ya Bajeti hupelekwa Bungeni kufikia Februari 15, na makadirio ya matumizi kufikia Aprili 30. Kisha kamati za Bunge hukaa, umma husikilizwa, na ifikapo mwisho wa Juni kila shilingi imeshapewa mahali pa kwenda. Wanafunzi wanagoma lini? Septemba, wanaporipoti na kukuta ankara. Wakati huo Waziri wa Elimu, hata awe na moyo mwema namna gani, hana mfuko wa ziada. Kilichobaki ni bajeti ya nyongeza, na hiyo iko mikononi mwa Hazina ya Taifa na Bunge.

Ndipo mnapata zile ahadi za "tutalishughulikia". Mtu anaahidi kitu ambacho kiko kwenye droo ya mwingine. Mkienda mezani, ombeni kwanza aliyeshika droo awepo. Afisa wa Hazina mwenye cheo cha kuamua, na mwenyekiti wa kamati ya elimu ya Bunge la Taifa. Wakisema hawawezi kuja, mtakuwa mmepata jibu lenu bila kupoteza siku nzima.

Sikubaliani na kijana wa Roysambu kwamba serikali nzima ni adui. Kuna watu ndani waliotaka mambo yaende vizuri. Lakini nakubali kwamba mjumbe asiye na agizo ni mawindo. Nimewaona vijana werevu wakiingia asubuhi wakiwa na hasira, wakatoka jioni wakiwa wameahidiwa nafasi ya mafunzo kazini.

Mwanzilishi wa mjadala

Mzee wangu, asante. Umenisahihishia swali lenyewe. Nilikuwa nimeuliza nani aende kwa niaba ya wanafunzi, na nikasahau kuuliza nani aje kwa niaba ya serikali.

Sasa nilirudie la Mama. Mwaka 2012 wanafunzi wa jimbo la Quebec, Kanada, walikuwa kwenye mgomo tangu Februari kupinga nyongeza ya karo ya dola 1,625 iliyopangwa kuingia kidogo kidogo kwa miaka mitano. Mei, wawakilishi wao walikaa na serikali karibu saa 22 mfululizo, wakatoka na makubaliano yaliyoandikwa. Hawakutangaza kwamba mgomo umeisha. Waliyachukua makubaliano yale, wakayapeleka kwenye mikutano ya wanafunzi chuo kwa chuo, na mikutano ikayakataa kwa wingi mkubwa. Waziri wa elimu, Line Beauchamp, akajiuzulu siku tisa baada ya makubaliano yale. Serikali ikapitisha sheria kali ya kubana maandamano, watu wengi zaidi wakatoka mitaani. Septemba uchaguzi ukafanyika, waziri mkuu Jean Charest akashindwa, na serikali iliyofuata ikaifuta nyongeza ile.

Sisemi Nairobi ni Quebec. Kule mgomo wa wanafunzi una mazoea ya miaka mingi, na hapa mwanafunzi hukutana na GSU, kikosi cha polisi wa kutuliza ghasia. Ninachochukua ni kile kitendo kimoja cha kurudisha karatasi nyumbani. Mazungumzo yalivunjika, lakini wanafunzi hawakuvunjika, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameuza kitu. Na Mama, mikutano ile ile iliyokataa ingeweza kukubali. Ingesema tumetosheka, na kila mtu angejua ni wengi waliosema hivyo, si watano.

Mwanafunzi, mwaka wa pili

Nimesoma kimya hadi hapa, lakini sasa niseme, maana mnatupangia.

Kamukunji mnayoisifu mmeiona siku hizi? Anayesikika ni mwenye sauti nene na kipaza sauti. Msichana akishika zamu anazomewa kabla hajamaliza sentensi. Kura hupigwa kwa kelele, upande uliopiga kelele zaidi umeshinda. Mara ya mwisho kwetu ilifanyika saa tatu usiku, na sisi tunaokaa nje ya chuo tulikuwa tumeondoka, kwa sababu matatu za usiku kuelekea kwetu hupandisha nauli na njia si salama. Asubuhi nikasikia nimeamua kugoma.

Halafu chama chetu chenyewe. Tangu Sheria ya Vyuo Vikuu ilipobadilishwa 2016, hatuchagui viongozi wa juu moja kwa moja. Tunachagua wajumbe, wajumbe ndio wanaochagua viongozi. Wajumbe wachache ni rahisi kuwatembelea usiku na bahasha. Kwa hiyo serikali ikimwita rais wa wanafunzi, inamwita mtu ambaye wengi wetu hatukumpigia kura, kisha tunashangaa akiongea lugha ambayo siyo yetu.

Ningeunga mkono mjumbe asiye na sahihi kama mngeniambia kura itapigwaje. Si kwa kelele. Si usiku.

Mhitimu, Roysambu

Dada, hapo umesema. Mimi nilipinga meza kwa sababu ya usalama, lakini ukweli ni kwamba hata kamukunji ninayoikumbuka ilikuwa ya wanaume. Bado nasema majina yasitolewe. Ila mkiweza kufanya kura ya kweli idara kwa idara, na mazungumzo yakarushwa moja kwa moja ili tuone kila neno, nitaacha kuwaita wanaokwenda wasaliti.

Hong Kong, Oktoba 2014, maafisa watano na wanafunzi watano walikaa saa mbili mbele ya televisheni. Hawakuelewana. Lakini hakuna aliyeweza kesho yake kudai kwamba wanafunzi waliahidi jambo wasiloliahidi, maana mji mzima ulikuwa umeona.

Mzazi, Kayole

Yakirushwa moja kwa moja mimi nitayatazama kibandani na wateja wangu. Ila mpange muda, wanangu. Kura ndani ya siku mbili, tatu. Msikae wiki mbili mkihesabu.

Mwanzilishi wa mjadala

Dada wa mwaka wa pili ameyafikisha mahali pazuri, nami nayachukua maneno yake kama masharti, siyo kama pingamizi.

Kura ifanyike idara kwa idara, kwa karatasi, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa mchana, wanaokaa nje ya chuo wakiwa bado wapo. Kila idara ihesabu yake hadharani na kubandika matokeo mlangoni. Ni kazi ya mikono, lakini idara zetu zina wanafunzi wanaojuana kwa sura, na ni vigumu kuleta wapiga kura wa kukodi mahali ambapo watu wanajuana. Jibu la serikali lisomwe kabla ya kura, lote, pamoja na mahali lilipokaa kimya. Na swali la kura liwe na majibu matatu: tunakubali, tunakataa, au tunakubali sehemu hii na kurudi darasani huku tukidai iliyobaki. Hilo la tatu ni la Mama wa Kayole, na naamini ndilo lingeshinda mara nyingi kuliko tunavyodhani.

Kuhusu wajumbe, wasiwe viongozi wa chama peke yao. Watolewe na idara kwa kura hiyo hiyo, wabadilishwe kila kikao, na nusu wawe wasichana. Mtu aliyekwenda leo asiende kesho. Hofu ya ndugu wa Roysambu haiondoki kwa hilo, lakini inapungua kidogo, kwa kuwa kumshika mmoja hakusimamishi kikao kinachofuata. Na kabla ya mjumbe wa kwanza kuvuka mlango, walio seli katika kituo cha Central waachiliwe au wafikishwe kortini. Katiba, kifungu cha 49, inampa aliyekamatwa haki ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, isipokuwa saa hizo zikiishia nje ya muda wa mahakama au siku isiyo ya kazi. Kwa hiyo hapo hatuombi hisani.

Kuhusu upande wa pili, nafuata alivyosema mzee wa Buruburu: Hazina na kamati ya Bunge wawepo, au kikao kisianze. Naongeza kwamba wanafunzi waache kungoja Septemba. Wapeleke madai yao Bungeni mwezi wa Februari na wa Mei, wakati Taarifa ya Sera ya Bajeti na kisha makadirio yanajadiliwa, na kamati zinalazimika kuupokea umma. Kama ni kuandamana, waandamane wakati huo, pesa ikiwa bado haijagawanywa.

Limebaki moja ambalo hatujalipatia jibu hapa. Wanafunzi wa Nairobi, Kenyatta, Jomo Kenyatta na Chuo Kikuu cha Kiufundi wako chini ya mfumo mmoja wa karo, lakini kila chuo kina chama chake na kila chama huitwa peke yake. Serikali ikielewana na kimoja, vingine vimeachwa. Aliyewahi kufanya kazi ya kuunganisha vyama vya vyuo zaidi ya kimoja atuandikie: mlikutana wapi, na nani alilipa nauli?